Niko prelimu ya upasuaji Marekani, nataka kuhamia tiba ya dharura: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni daktari kutoka Tanzania. Niliomba upasuaji hapa Marekani, nikakosa nafasi ya kudumu, nikapata ya prelimu ya upasuaji, yaani mafunzo ya mwaka mmoja tu, katika hospitali kubwa yenye pia programu ya tiba ya dharura. Nilianza Julai 1. Sasa ni mwezi wa pili, na nimegundua kwamba kazi ninayoipenda ni ile ya kule chini, idara ya dharura. Nina viza ya J-1, ile ya mafunzo. Naogopa kumwambia mkurugenzi wa programu yangu. Wenzangu wananiambia serikali haitanilipia tena mafunzo kwa kuwa nimeshaanzia upasuaji, na kwamba mwaka huu umeshapotea. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo kadhaa, lakini lililokukaba koo ni moja: kumwambia mkurugenzi. Naanza nalo, maana hilo likikaa vizuri mengine yatafuata, na likiharibika hata alama nzuri za mitihani hazitakusaidia sana.

Mwambie. Mwambie mwezi huu, kabla hujatuma ombi hata moja. Anajua nafasi yako ni ya mwaka mmoja. Mkataba wako unakwisha Juni 30 na mwaka wa pili hakukuahidi. Kwake yeye, daktari wa prelimu anayebisha hodi mwezi wa Agosti akiwa na mpango ni nafuu kuliko yule anayeonekana Machi, machozi yakimlengalenga, hana pa kwenda. Kinachowaudhi wakurugenzi ni kusikia habari zako kwa wengine. Na watazisikia, kwa sababu programu za dharura zitampigia simu. Kanuni za ACGME, chombo kinachosimamia mafunzo ya ubingwa Marekani, zinaidai programu inayompokea residenti (daktari aliye kwenye mafunzo ya ubingwa) aliyehama ipate uthibitisho wa mafunzo yake ya nyuma na tathmini ya umahiri wake. Anayeitoa tathmini hiyo ni yeye. Halafu kila utakapoomba leseni katika jimbo jipya, miaka kumi au ishirini ijayo, hospitali yako ya kwanza itaulizwa tena. Huwezi kumzunguka, basi mfanye awe upande wako.

Hili nalisema kwa uchungu wa aliyekosea. Mimi pia nilifanya prelimu, na nilinyamaza hadi Desemba. Nililelewa kwamba mdogo hamfuati mkubwa ofisini kumweleza anachotaka. Unachapa kazi, naye akiona juhudi yako atakuuliza. Huku usiposema hujulikani. Mkurugenzi wangu alipata habari kwa simu kutoka programu niliyoiomba. Hakunifukuza wala kunigombeza. Aliandika barua ya aya mbili, yenye adabu na isiyo na joto, na mwaka ule sikupata nafasi. Nilipokwenda kumweleza wazi, aliniambia angenisaidia tangu Agosti kama ningemwambia. Nilimwamini, na bado namwamini.

Ukiingia ofisini sema mambo matatu, kwa dakika tano tu. Unashukuru kwa nafasi aliyokupa. Umeona kwamba kazi yako ya maisha iko kwenye tiba ya dharura, na utaumaliza mwaka wake kwa nguvu zilezile bila kuacha zamu hata moja. Kisha omba: naomba ushauri wako, na kama kazi yangu itakuridhisha, naomba uniandikie barua. Usiuponde upasuaji, wala usiseme umechoka. Usiseme pia kwamba dharura wana saa chache. Kwanza si kweli kwa namna unavyofikiri. Kanuni zinamruhusu residenti wa dharura kuona wagonjwa idarani hadi saa 60 kwa wiki, 72 ukijumlisha shughuli zote, na zamu isiyozidi saa 12. Ni pungufu ya zile 80 unazozijua, lakini saa 12 za dharura hazina dakika ya kukaa, na mwili unahamishwa kutoka mchana kwenda usiku na kurudi mwezi baada ya mwezi. Mpasuaji anayasikia maneno ya “saa chache” kama uvivu, na daktari wa dharura anayasikia kama ujinga wa kazi yake.

Barua ya pili ndiyo itakayofungua mlango au kuufunga. Tiba ya dharura ina fomu yake ya tathmini, SLOE, iliyotengenezwa chini ya CORD, baraza la wakurugenzi wa programu za dharura. Haifanani na barua za sifa tulizozoea, za “ni kijana mwadilifu na mchapakazi”. Inamlazimisha mwandishi akulinganishe na wengine aliofanya nao kazi, aseme utahitaji kusimamiwa kiasi gani, na aseme programu yake yenyewe ingekuweka wapi kwenye orodha yake. Nimekaa kwenye vikao vya kuchagua waombaji, na nakwambia ukweli: faili likifunguliwa, macho ya wengi yanakimbilia hapo kwanza. Barua tatu nzuri za wapasuaji bila hata SLOE moja zinawaacha wasomaji na swali lisilojibika: je, kuna mtu wa dharura aliyemwona huyu akifanya kazi hii?

Ziko fomu tofauti kwa waandishi tofauti. Yenye uzito zaidi ni ya idara iliyo na programu ya residensi, inayoandikwa na kundi la viongozi kwa pamoja. Wewe una bahati kubwa kwamba idara hiyo iko jengo moja na wewe. Kamwone mkurugenzi wa programu ya dharura hapo hapo, ukishazungumza na wako, si kabla. Omba wiki mbili au nne za rotesheni idarani. Ratiba ya prelimu ni ngumu na miezi ya hiari ni michache, lakini residenti wenzako hubadilishana miezi. Mwenye mwezi wa hiari Septemba anaweza kukubali umlipe kwa kumbebea zamu za Krismasi. Mlipe, hata kama bei ni kubwa.

Hata kabla ya rotesheni, usaili wako umeshaanza bila wewe kujua. Saa nane usiku simu inalia: dharura wana mama wa miaka sitini, tumbo linauma, wanaomba daktari wa upasuaji amwone. Intern wa upasuaji, daktari wa mwaka wa kwanza kama wewe, akiwa amechoka hujibu kwa maswali ya kukwepa. Mmempiga CT? Majibu ya damu yametoka? Kwa nini msimlaze wodi ya magonjwa ya ndani? Aliye upande wa pili wa simu ni daktari wa dharura mwenye wagonjwa wengine kumi na wawili, na anakukumbuka. Anamkumbuka pia yule aliyesema “nashuka sasa hivi”, akafika, akamshika mgonjwa tumbo, akamwambia nesi anachofikiri, na kabla ya kupanda akarudi kwa daktari aliyempigia akamweleza mpango. Watu wa dharura wanajuana na wanazungumza. Ukiwa wa namna hiyo kwa miezi miwili, siku utakayoomba SLOE hutakuwa mgeni.

Tumia mashuko hayo kujipima pia. Mpasuaji akimwona mgonjwa anajiuliza kama kuna cha kupasua. Daktari wa dharura anajiuliza ni kitu gani kinaweza kumuua huyu ndani ya saa moja, na anajiuliza hivyo kwa mtoto mwenye homa, kwa mjamzito anayevuja damu, kwa mlevi aliyeanguka, kwa babu aliyechanganyikiwa tangu jana, wote usiku mmoja, mara nyingi bila kulijua jibu mgonjwa anapoondoka. Kama kutojua mwisho wa kisa kunakutesa, fikiri tena. Kama kinachokuvuta ni ile nusu saa ya mwanzo, uko njia sahihi.

Na hiyo ndiyo iwe maelezo yako binafsi kwenye ombi. Usianze na kushindwa kwako kupata upasuaji. Wasomaji wataliona kwenye faili, lisemee sentensi moja ya kweli kisha usonge mbele. Waeleze mgonjwa mmoja uliyemwona chini na ulichojifunza kwake kuhusu kazi hii, bila kumtambulisha. Waeleze unachokuja nacho: umeshashona vidonda vingi, umeweka mirija ya kifua na ya mishipa mikubwa, umesimama kwenye majeruhi ya ajali ukijua mikono yako iende wapi, umeongea na familia usiku. Programu ya dharura inapenda mtu ambaye wiki ya kwanza ya Julai hatetemeki. Kubali na upungufu wako bila kuulizwa: watoto, magonjwa ya wanawake, magonjwa ya moyo. Anayejua asichokijua ni rahisi kumfundisha.

Sasa hali ya soko, maana najua umesikia kwamba tiba ya dharura “inachukua yeyote”. Habari hiyo imepitwa. Mwaka 2021 ilitoka ripoti ya wataalamu wa fani hii iliyokadiria kwamba ifikapo 2030 Marekani itakuwa na ziada ya madaktari wa dharura wapatao 7,845. Wakati huohuo programu mpya zilikuwa zinafunguliwa kwa kasi, na madaktari waliokuwa kazini walikuwa wametoka kwenye korona wakiwa hoi, idara zimejaa wagonjwa wanaosubiri vitanda vya wodini. Wanafunzi wa udaktari wakaogopa. Kwenye Match ya 2022, mfumo wa kitaifa unaolinganisha orodha za waombaji na za programu, nafasi 219 za dharura zilibaki wazi. Mwaka 2023 zilibaki 554 kati ya 3,010, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelizoea katika fani hii. Wenzetu wengi waliosoma nje ya Marekani waliingia kwa mlango huo. Lakini 2024 zilizobaki zilikuwa 135 tu. Mlango haujafungwa, ila umerudi kuwa mlango wa kawaida, wenye bawabu. Omba programu nyingi, na usizidharau zile changa na za hospitali za miji midogo. Zimewahi kuchukua watu kama wewe, na usiku wa Jumamosi huko hauna uhaba wa wagonjwa.

Angalia jambo moja lililowaponza watu. Mwaka jana uliomba upasuaji kupitia ERAS, mfumo wa maombi wa mtandaoni. Tangu msimu wa 2025–2026 programu za dharura zimehamia mfumo mwingine wa maombi, ResidencyCAS. Ukifungua akaunti yako ya zamani ukajaza kwa mazoea, utajikuta umechelewa. Usajili wa NRMP, wanaoendesha Match, ni kitu cha pembeni na lazima ufanyike pia. Maombi yanaanza kusomwa mwishoni mwa Septemba, usaili unakwenda kuanzia Oktoba hadi Januari, na mwingi ni kwa video, jambo ambalo kwa intern ni neema: unaweza kufanya usaili saa nne asubuhi ukitoka zamu ya usiku, ingawa nakusihi ulale kwanza ukiweza. Hospitalini tafuta chumba chenye mlango na simu yako mpe mwenzako. Orodha za mapendeleo zinafungwa karibu na mwanzo wa Machi, na majibu hutoka wiki ya Ijumaa ya tatu ya Machi. Jumatatu ya wiki hiyo utajua kama umepata. Kama hujapata, SOAP, mfumo wa kugawa nafasi zilizobaki, unaanza siku hiyohiyo. Mwombe mkurugenzi wako mapema akupe nafuu ya ratiba wiki ile. Unaona kwa nini nilisema mwambie?

Ya fedha za serikali nitayapitia haraka, kwa sababu yanatisha kuliko yanavyostahili. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, huilipa hospitali sehemu ya gharama za kumfundisha residenti. Kila anayeanza mafunzo huwekewa idadi ya miaka kulingana na fani aliyoanzia, na ndani ya miaka hiyo hospitali huhesabiwa malipo kamili ya moja kwa moja. Ikipita, sehemu hiyo ya malipo hushuka hadi nusu. Aliyeanza prelimu ya upasuaji bila kuwa na nafasi nyingine ya baadaye mkononi huhesabiwa miaka mitano, muda wa upasuaji wa jumla. Umetumia mmoja, imebaki minne. Programu za dharura ni za miaka mitatu au minne. Hesabu yako inatosha. Ungekuwa umeanzia prelimu ya magonjwa ya ndani, ungehesabiwa mitatu, na mwaka wako wa mwisho wa dharura, au miwili ya mwisho kama programu ni ya minne, ungelipiwa nusu. Hata hapo kuna aina nyingine ya malipo ya Medicare isiyoguswa na hesabu hiyo, na hospitali nyingi tangu sheria ya 1997 zina residenti wengi kuliko idadi ambayo Medicare inaitambua, hivyo nusu ya mtu mmoja haiwasumbui. Wakikuuliza kwenye usaili, jibu kwa namba hizo na uendelee.

Kuhusu mwaka kupotea: jiandae kuanza tena mwaka wa kwanza. Wengi wanaohama huanza upya. Uamuzi wa kukuhesabia miezi ya upasuaji si wa mkurugenzi mpya peke yake, kwani bodi ya ubingwa wa dharura, ABEM, ina masharti yake, na mpango wa mafunzo ya dharura umejengwa tangu siku ya kwanza. Nafasi za mwaka wa pili hutokea residenti anapoacha, lakini mara nyingi wanaozipata ni wale waliokwisha kumaliza mwaka mmoja wa dharura. Ukiona tangazo uliza, ila usijenge nyumba juu yake. Utalipwa mshahara wa mwaka wa kwanza mara ya pili na utawaona wenzako wa rika wakikupita. Inauma. Lakini Julai ile utakapopewa mgonjwa anayevuja damu na wenzako wapya wakakutazama, utajua mwaka huu wa upasuaji ulikwenda wapi.

Sasa viza, na hapa nakuomba usome taratibu, maana ndipo Mtanzania anapotofautiana na mwenzake mwenye pasipoti ya Marekani. Kanuni za J-1 kwa madaktari zinaruhusu kubadili programu uliyoandikishwa mara moja tu, na si zaidi ya miaka miwili tangu ulipoingia kwa viza hiyo. Wewe uko mwezi wa pili, muda unao. Lakini ukijiambia utafanya mwaka mwingine wa prelimu, kisha utafiti kidogo, ndipo uhame, utajifungia mwenyewe. Muda wote wa mafunzo ya J-1 una kikomo cha miaka saba; mmoja wa upasuaji na mitatu au minne ya dharura unaingia vizuri. Mwaka 2025 lilitolewa pendekezo kwamba programu zote za dharura ziwe za miaka minne, kwa hiyo piga hesabu zako kwa minne.

Kwa ajili ya viza hiyohiyo usiombe dharura peke yake. Mkataba ukiisha Juni 30 bila kingine, J-1 inakupa siku 30 za kufunga virago. Mwenzako raia anaweza kukaa mwaka mmoja akitafuta, wewe huwezi. Omba na fani ya pili ambayo ungeweza kuiishi kwa dhati, magonjwa ya ndani au tiba ya familia, ukiwa na maelezo na barua za fani hiyo. Panga dharura juu kwenye orodha yako. Na fanya USMLE Step 3, mtihani wa mwisho wa leseni, kabla ya Desemba ukiweza. Inawatuliza wasomaji wa faili, na programu zinazofikiria viza ya H-1B, ile ya kazi, haziwezi kukuchukua bila hiyo.

Kisha ile karatasi ambayo wengi hukumbuka ikiwa imechelewa: barua ya uhitaji kutoka Wizara ya Afya ya nchi yako, inayosema nchi inahitaji wataalamu wa fani yako. Barua uliyokuja nayo inataja upasuaji. Ukihamia dharura unahitaji nyingine inayotaja tiba ya dharura, na ECFMG, wanaosimamia J-1 za madaktari, hawatakutolea hati mpya bila hiyo. Kati ya Match ya Machi na kuanza kazi Julai muda ni mfupi, na Dodoma ni mbali na wodi yako. Tafuta sasa ndugu au rafiki anayeweza kufika wizarani mwenyewe, mwandalie maneno sahihi ya barua kama ECFMG wanavyoyataka, herufi kwa herufi, ili ikitoka isirudishwe.

Huko nyumbani barua hiyo haitawashangaza. Idara ya kisasa ya dharura ilifunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huohuo mafunzo ya ubingwa wa fani hii yakaanza Muhimbili. Mabingwa wa kwanza walihitimu 2013. J-1 inakudai urudi miaka miwili baada ya mafunzo, isipokuwa upate msamaha, na misamaha ya majimbo, 30 kwa kila jimbo kwa mwaka, mara nyingi huwaangalia kwanza madaktari wa huduma ya msingi. Kwa hiyo weka miaka hiyo miwili kwenye mpango wako tangu leo. Waandikie walimu wa Muhimbili, jitambulishe, waulize wanahitaji nini. Ukiulizwa kwenye usaili utaitumiaje fani hii, utakuwa na jibu lenye majina ya wodi na watu unaowajua.

Jumatatu piga simu kwa katibu wa mkurugenzi wako uombe dakika kumi na tano. Ukitoka mle ofisini, niandikie alivyosema.